Jipu la Dada na Tangi la Vifaranga

Mzigo ukiwa kichwani pa mtu mwingine, macho huuona mwepesi. Shingo ndiyo inayojua ukweli. Jambo hili lilimfika fundi mmoja wa magari, tena fundi hodari, na lilimfika mchana kweupe, kwenye mteremko, dada yake akiwa ameketi kando yake.

Fundi huyo watu walimwita Sikio. Hawakumpa jina hilo kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa hayakuwa madogo. Walimwita hivyo kwa sababu aliweza kusimama mlangoni pa karakana, akalisikiliza gari likiingia, akasema, "Bushi ya kushoto imekwisha," kabla dereva hajazima injini. Gari likiinuliwa kwa jeki, kweli bushi hiyo, mpira wa kwenye kiungo cha gurudumu, ilionekana imeliwa kama mkate uliopitiwa na panya. Karakana yake ilikuwa na paa la bati, sakafu ya saruji iliyong'aa kwa mafuta ya miaka mingi, na spana zilizopangwa ukutani kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Aliipenda kazi yake na kazi ilimpenda. Dosari yake ilikuwa moja tu: alichokisikia mwenyewe alikiamini, lakini alichoambiwa na mwenye gari alikitilia shaka.

Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne, alikuwa mfugaji wa samaki. Hakuuza samaki wa kitoweo. Aliuza vifaranga wa samaki, wadogo kama kidole, ambao watu waliwanunua na kwenda kuwafuga katika mabwawa yao. Aliwasafirisha wakiwa hai ndani ya tangi kubwa la plastiki lililofungwa juu ya tela, na tela hilo lilivutwa na jipu lake la zamani, gari refu na pana, ambalo alikuwa ameling'oa viti vya nyuma ili apate mahali pa mitungi ya hewa na magunia ya chakula cha samaki.

Asubuhi moja aliliingiza jipu hilo karakanani, akashuka, akaufunga mlango kwa kishindo.

"Mdogo wangu, hili jipu linanitesa," alisema. "Nikifunga tela, usukani unakuwa mwepesi kama wa gari la kuchezea. Nakata kona, gari linafikiri kwanza. Na nikishika mteremko, mkia wote unaanza kucheza."

"Tela liko wapi?"

"Nimeliacha nyumbani. Nimepita mara moja tu, nina wateja wanasubiri."

Sikio aliuchukua ufunguo, akalizungusha jipu mitaa miwili, akarudi akipiga mluzi. "Dada, gari zima kama kigongo. Halina hata mlio."

"Nimekwambia ni nikiwa na tela."

"Tela ni tela tu! Umebeba nini humo? Maji na visamaki. Ungekuwa unavuta mawe ningekuelewa. Tatizo lako unaushika usukani kwa woga. Legeza mabega."

Dada alitikisa kichwa. "Hao waliokuita Sikio," alisema, "bila shaka hakuna ndugu yako hata mmoja kati yao."

Walicheka wote wawili. Sikio akajaza upepo kwenye magurudumu, akamuaga. Baada ya wiki mbili dada alirudi na malalamiko yale yale. Sikio akambadilishia mpira wa kufutia kioo, kama mtu anayempa mtoto pipi ili anyamaze. Mara ya tatu dada alisema neno zito: kwamba siku hizi akiuona mteremko ule wa barabara kuu kwa mbali, tumbo humkata. Hata hapo Sikio alikuwa ametia masikio pamba.

"Dada, tela hilo mimi ningelivuta kwa mkono mmoja," alijigamba, "mkono wa pili nikila karanga."

Dada alichukua ufunguo wake akaenda zake.

Haukupita mwezi, dada akateleza kwenye ukingo wa bwawa lake, akaangukia mkono, na kifundo kikavunjika. Hospitali walimfunga plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, wakamwambia asishike usukani kwa wiki sita. Ajali hiyo ilimkuta pabaya. Kikundi cha kina mama, mbali ng'ambo ya vilima, kilikuwa kimechimba mabwawa sita na kuagiza vifaranga elfu nne. Mabwawa yalikuwa yamejaa maji, siku ilikuwa imepangwa, na kina mama walikuwa wamemwambia wazi kwamba wasipomwona watamwendea mfugaji mwingine, kwa sababu bwawa tupu huota magugu. Dada alikuwa amekitafuta kikundi hicho kwa mwaka mzima. Mume wake alikuwa mwalimu mpole, mtu wa watu, lakini hata baiskeli ilikuwa ikimwangusha. Hapakuwa na wa kumtuma ila mdogo wake.

"Hiyo tu?" alisema Sikio alipoombwa. "Ngoja ninawe mikono."

Siku ya safari alifika kwa dada yake mapema, kofia ikiwa imekaa upande. Vifaranga hawakuwa wamelishwa tangu jana yake, ili wasiyachafue maji njiani. Shemeji mwalimu na majirani wawili waliwavua kwa wavu, wakawamimina tangini ndoo baada ya ndoo, na dada, mkono mmoja ukining'inia kifuani, akawa anaamuru kwa ule mwingine. Tangi halikujazwa hadi juu. Samaki nao wanahitaji hewa. Kisha tela likafungwa nyuma ya jipu, na Sikio akaona jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona. Jipu lilibonyea nyuma kama mbwa aliyeketi, na pua yake ikainuka kama inanusa mvua. Alilitazama, akakohoa kidogo, akaingia ndani.

Barabara ilipokuwa tambarare alijitahidi kuchangamka. Alisimulia vichekesho vya wateja wake, akapiga mluzi. Walipopita shimo la kwanza mluzi ukakatika. Jipu liliinama, likainuka, likainama tena, likainuka tena, na hata walipokuwa wameliacha shimo mbali nyuma, bado lilikuwa linaitikia salamu yake. Kona ya kwanza ilipofika, Sikio alizungusha usukani, jipu likajitia hamnazo. Alizungusha zaidi, ndipo likakumbuka, likageuka kwa ghafla kupita alivyotaka. Nyuma yao maji yalipiga ukuta wa tangi, *pwaa*, na jipu zima likasukumwa kama mtu aliyepigwa bega sokoni.

Mikono ya Sikio ilihama kutoka chini ya usukani ikapanda juu, yote miwili.

"Karanga zipo hapo kwenye kisanduku cha mbele," alisema dada kwa upole. "Nimekununulia."

"Ziache kwanza," alijibu Sikio.

Walipanda kilima polepole. Kadiri walivyopanda, maji yalirudi nyuma ya tangi, na usukani ukazidi kuwa mwepesi, hata Sikio akahisi kama anaendesha kwa kamba iliyofungwa kwenye kitu kilicho mbali. Kule juu barabara iliinama upande wa pili: mteremko mrefu, ulionyooka, bonde upande mmoja na ukuta wa mwamba upande mwingine. Ulikuwa ndio ule uliokuwa ukimkata dada tumbo.

Walikuwa wamefika katikati wakati lori lilipowapita kwa kasi. Upepo wake ulilisukuma tela kidogo tu. Tela likaenda kulia, likarudi kushoto, likaenda kulia zaidi. Maji yakaufuata mwendo huo na kuukuza. Kufumba na kufumbua, mkia wa jipu nao ukaanza kuchezeshwa, huku na huku, na Sikio akawa anauzungusha usukani kulikimbiza tela, akichelewa kila mara. Kwenye kioo cha pembeni aliliona tangi likitokea, likipotea, likitokea. Mguu wake ukaruka kuitafuta breki.

"Usikanyage!" Sauti ya dada ilikuwa kali, lakini haikutetemeka. "Ondoa mguu kwenye mafuta. Breki iache. Usukani ushike sawa, uelekeze mbele. Usiufuate mkia."

"Dada, linatutupa!"

"Halitutupi. Shika sawa. Liache lichoke lenyewe. Hivyohivyo. Sasa shusha gia moja. Taratibu. Moja nyingine."

Injini ilinguruma ikilizuia gari. Mkia ulicheza mara tatu nne tena, kisha mara moja kwa uvivu, ukatulia. Mbele kidogo palikuwa na uwanja wa changarawe pembeni mwa barabara. Sikio akaingia hapo, akazima gari. Vidole vyake vilikuwa vimeganda kwenye usukani. Ilimbidi avifungue kimoja kimoja.

Dada aliteremka kwanza. Alipanda kwenye tela kwa mkono mmoja, akafunua kifuniko, akachungulia. "Wazima," alisema. "Wamelewa kidogo, lakini wazima. Na wewe?"

Sikio alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, shati limemganda mgongoni kwa jasho. "Kila safari huwa hivi?"

"Si kila safari. Mara mbili tatu kwa mwezi. Mvua ikinyesha ndipo huwa balaa."

"Na hapo huwa uko peke yako?"

"Nani mwingine?"

"Sasa mbona hukuni..." Aliikatiza sentensi mwenyewe. Dada aliinua unyusi mmoja.

"Uliniambia," alisema Sikio.

"Mara tatu."

"Mara tatu. Nami nikakubadilishia mpira wa kioo."

Dada alijaribu kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamshika mwili mzima, mpaka plasta ikagonga bodi ya tela, akapiga yowe na kuendelea kucheka. Sikio naye akacheka, cheko la mtu aliyenusurika. Lakini alipoinuka macho yake yalikuwa na maji.

"Dada, nisamehe. Nilidhani ni maji na visamaki."

"Ni maji na visamaki," alisema dada. "Uendeshe sasa, hawa watoto wasije wakachemka."

Walikwenda mwendo wa kobe hadi mwisho wa safari. Kina mama waliwapokea kwa vigelegele. Walichukua vifaranga kwa ndoo, wakawa wanaongeza maji ya bwawa ndani ya ndoo kidogo kidogo ili samaki wayazoee, kisha wakawaachia. Katika elfu nne hawakufa hata ishirini. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye kauli za haraka, aliutazama uso wa Sikio uliosawajika, akamuuliza dada, "Huyu dereva wako mgonjwa?" Dada akajibu, "Hapana, ni fundi." Kabla hawajaondoka, kikundi kiliagiza vifaranga wengine elfu nne, baada ya wiki tatu.

Kesho yake Sikio aliweka kibao mlangoni pa karakana: LEO HATUPOKEI GARI. Aliliingiza jipu ndani likiwa limefungwa tela, akalijaza tangi maji kama siku ya safari, akachukua futikamba. Alipima kutoka chini hadi kwenye bampa, mbele na nyuma, tela likiwepo na tela likiwa limefunguliwa. Nyuma ilishuka kwa upana wa kiganja kizima. Mbele iliinuka vidole viwili. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaviangalia vipimo vile. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza gari, nayo yalikuwa yakiinuliwa kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi. Hakuna sikio ambalo lingelisikia hilo katika jipu tupu.

Alipoingia chini aliyakuta mengine. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka. Shokapu, zile bomba zinazozituliza springi, zilikuwa zimevuja mafuta na hazikutuliza chochote. Alilishika gurudumu la mbele kwa mikono miwili akalitikisa, likacheza: tairodi, fimbo zinazoupeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu, zilikuwa zimelegea kwenye viungo. Kila kilema kilikuwa kidogo. Gari likiwa tupu, vyote vilikaa kimya. Likifungwa tela, vyote vilisema kwa pamoja.

Kwa siku tano alifanya kazi kama mtu anayelipiza kisasi. Alifunga springi nene, na ndani yake akaweka mifuko ya hewa inayojazwa kwa pampu siku ya mzigo na kupunguzwa siku ya mapumziko. Alifunga shokapu mpya, ngumu, nne. Alibadilisha tairodi na bushi zote, akaongeza shokapu ndogo ya pembeni inayoushika usukani usitetemeke. Aliishusha ndoana inayolishikilia tela nyuma ya jipu, hadi tela likakaa sawasawa, si kichwa juu wala kichwa chini. Kisha akafika kwenye tangi, na hapo akasita. Aliosha mikono, akampigia dada simu.

"Njoo unifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini, fundi mzima?"

"Maji. Mimi nimeyavuta siku moja. Wewe umeyavuta miaka sita. Nataka kujua yanakwenda vipi."

Dada alikuja, akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya karakana, akaeleza. Alieleza jinsi maji yanavyokimbilia mbele breki zikikanyagwa na kukupiga mgongoni, na yanavyorudi nyuma kilimani, ndipo usukani unapokufa mikononi. Alieleza kwamba kona mbaya si ya kwanza bali ya pili, ile inayokuja kabla maji hayajasahau ya kwanza. Sikio alisikiliza bila kumkatiza, penseli nyuma ya sikio, na mara mbili alimwomba arudie. Jioni hiyo waliafikiana. Tangi lingesogezwa nyuma kidogo, uzito ukae juu ya ekseli ya magurudumu ya tela na sehemu yake ndogo tu iegemee kwenye ndoana, na ndani yake zingewekwa kuta mbili za plastiki zenye matundu, ili maji yapite lakini yasikimbie.

"Matundu ya ukubwa gani?" aliuliza Sikio.

Dada alionyesha kidole gumba na cha shahada vikiwa vimeachana. "Hivi. Na kingo zake uzipige msasa mpaka ziwe laini kama shavu la mtoto. Samaki ana ngozi, usimkwaruze."

Sikio alizipiga msasa kingo zote, tundu moja baada ya jingine, na kila moja akalipitishia kidole.

Wiki tatu zilipotimia waliondoka tena, Sikio kwenye usukani, dada pembeni, plasta ikiwa imechorwa samaki na wanafunzi wa shemeji. Jipu halikuketi tena kama mbwa, lilisimama wima. Walipopita shimo liliinama mara moja, likainuka, likasahau. Kwenye kona lilitii neno la kwanza. Kilimani maji yalisikika yakinong'ona tangini, lakini hayakupiga. Walipofika kileleni Sikio alishusha gia, akaushika usukani kwa mikono miwili, akauingia mteremko. Basi kubwa likawapita na upepo wake wote. Tela likatikisika kidogo, likatulia nyuma yao kama ndama anayemfuata mama yake.

"Umeona, dada?" alisema Sikio kwa furaha. "Dada?"

Hakujibiwa. Aligeuka kumtazama, akaona kichwa cha dada kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, plasta juu ya mapaja. Alikuwa amelala usingizi mzito, kwenye mteremko ule ule. Sikio alipunguza mwendo ili asimwamshe.

Plasta ilipoondolewa, dada alirudi kuendesha mwenyewe. Siku moja alipita karakanani akitoka kwa kina mama, tela likiwa tupu na uso uking'aa kwa furaha. "Umenifanyia ubaya mmoja," alimwambia mdogo wake. "Sasa nawahi kufika kila mahali, na nikiwahi hakuna wa kunipokea."

Walikuwa bado wanacheka wakati mtu mmoja mwembamba alipoingiza gari lake kubwa uani. Alikuwa mwenye kukodisha vipaza sauti kwa mikutano. Aliteremka akiwa na haya kidogo, kama mtu aliyekwisha kuchekwa kwingine.

"Fundi, gari langu nikivuta tela la vifaa huwa linayumba. Mafundi wawili wameliendesha, wanasema halina kitu. Wanasema ni mimi."

Sikio alifuta mikono yake kwa kitambaa. Hakuuomba ufunguo, wala hakutega sikio kuusikiliza mlio wa injini.

"Tela liko wapi?" aliuliza.

"Nimeliacha nyumbani."

"Kalilete, ndugu yangu, na vipaza sauti vyote juu yake, usipunguze hata kimoja. Tutapanda wote wawili. Nitavuta mimi kwanza, halafu utavuta wewe, na njia nzima utanieleza."

Yule mtu alimtazama kwa mshangao, kisha mabega yake yakashuka, kama aliyetuliwa kitu kizito. Dada, aliyekuwa ameegemea mlango wa jipu lake, alimpigia mdogo wake saluti kwa ule mkono uliopona. Basi tusimpime mtu kwa macho yetu kabla hatujalishika tela lake, kwani wahenga hawakukosea waliponena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.